Kigari cha Ebba

Shemeji yangu Verner si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu huku kwetu magharibi mwa rasi ya Jutland huanza hivyo akimtaja, na mimi nimechoka kulisikia. Hanywi kupita kiasi, hakuwahi kumwinulia dada yangu mkono, na nguruwe wake hula kabla yeye hajala. Ukimwomba msumari atakuletea na nyundo. Lakini dada yangu Ebba alimwomba kitu kimoja tu maishani, na nitakusimulia jinsi alivyokipata.

Kitu chenyewe kilikuwa pikipiki ya baba. Baba yetu, Laurids, alikuwa mwoka mikate, na enzi zile mikate ilipelekwa mashambani kwa pikipiki nyeusi ya silinda nne yenye kigari cha pembeni. Jumamosi Ebba alikuwa akipakiwa ndani ya kigari katikati ya mikate myeusi, imemzunguka mpaka kidevuni. Mimi nilikuwa mkubwa kwa hiyo nilibaki dukani. Nyumba za mwisho zilikuwa za pwani, na mikate ikishaisha baba aliiegesha pikipiki juu ya tuta la mchanga, akakaa na Ebba kutazama bahari huku wakitafuna vipande vilivyovunjika njiani. Ebba alirudi na mchanga masikioni, akatutambia wiki nzima. Nilimwonea wivu, sikatai.

Baba alipokufa, pikipiki ikaingia bandani kwa Verner na kuku wakaipenda. Kwa miaka mingi walilala juu ya usukani na kutaga ndani ya kigari, na mavi ya kuku, kama hujui, hula chuma kuliko hata chumvi. Siku Verner alipoamua kuifufua, tangi lilikuwa na matundu, breki zimegandana, na injini haizunguki hata ukisimama juu ya kiki kwa miguu miwili. Akaifungua yote. Vipande akavipanga kwenye makopo ya kahawa kando ya ukuta, na kazi ikaenda kwa mwendo wa Verner, yaani mwendo wa kobe anayeumwa mguu. Sikatai kwamba nafasi alikuwa hana. Aliamka gizani kwenda kiwanda cha maziwa, mchana nguruwe, na kilichobaki kilikuwa ile saa moja baada ya kahawa ya jioni, pamoja na Jumamosi asubuhi kama hakuna uzio ulioanguka. Ebba alimtania kwamba ameoa mke wa pili huko bandani, na kwamba afadhali huyo, hadai viatu. Siku hizo tulicheka.

Kisha Ebba akaanza kukonda. Mwezi wa pili walikwenda hospitali ya mjini, na daktari akawaambia ni saratani ya kongosho, hakuna cha kukata, labda atayaona majira ya joto. Walirudi nyumbani, dada yangu akavua koti, akateleka maji ya kahawa. Nilikuwapo. Tulikaa sisi watatu mezani, tukala biskuti, tukazungumzia bei ya nguruwe. Ndivyo tulivyo. Huku kwetu mtu akivunjika mguu husema unamwasha kidogo, na anayezidi kumdadisi ndiye anayeonekana hana adabu. Verner alipokuwa akimimina kikombe cha pili, Ebba akasema bila kumtazama mtu, "Ningependa nipande kigari cha baba mpaka baharini. Mara moja tu."

"Kitakuwa tayari," Verner akasema.

Basi, yakaisha hapo. Ebba hakulirudia tena lile ombi, kwa sababu kwetu jambo la moyoni husemwa mara moja, ukilirudia unaonekana kama unapita mlango kwa mlango kuomba. Ubaya wake ni kwamba aliyeombwa, asiposikia mara ya pili, hujiambia hakuna haraka.

Nimtendee haki: mwanzoni alikazana. Aliacha hata kucheza karata siku za Alhamisi. Tangi alilichomelea, pistoni alizipata kwa mzee mmoja wa mji wa Skive aliyekuwa na ghala la vyuma vikuukuu, na mikono ikampasuka kwa petroli mpaka akawa anashika uma kwa ncha za vidole. Katikati ya mwezi wa tano nilikuwa kwao naosha vyombo, nikasikia kiki, kikohozi, kiki nyingine, kisha injini ikanguruma. Sauti ilikuwa ileile ya Jumamosi za utoto wetu. Ebba alichukua kiti cha jikoni akakiburuta mwenyewe uani. Nasema mwenyewe, kwa miguu yake, na hilo nataka ulishike. Akakaa mbele ya banda na blanketi magotini, anacheka huku machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

Nikafuta mikono kwenye aproni. "Haya shemeji, mpakie," nikasema. "Leo upepo umelala."

Verner aliniangalia kama nimemwambia achinje farasi. "Haijapakwa rangi."

"Anapanda kigari, hapandi rangi."

"Haina namba, Dagny. Haijakaguliwa."

Bahati nzuri Egon, polisi wetu, alikuwa amesimama palepale, amefuata mayai. Akasema Jumapili anakwenda kumwona mama yake upande wa mashariki, na kwamba mtu akipita barabara ya kokoto kuelekea pwani siku hiyo, yeye hatakuwa na macho ya kumwona. Kwa mtu kama Egon hiyo ilikuwa hotuba ndefu. Nikadhani mambo yamekwisha. Lakini Verner aliinama, akapitisha kidole chini ya injini, akakiinua ili sote tukione. Kilikuwa na tone la oili.

"Siwezi kumpakia Ebba kwenye kitu kinachovuja," akasema.

Pikipiki ile ilivuja maisha yake yote. Baba alikuwa akiweka trei kuukuu ya mikate chini yake kila jioni, na asubuhi mama akiimwaga huku akisonya. Nilimkumbusha Verner hayo mbele ya Egon na mbele ya mkewe. Alitikisa kichwa taratibu. Ebba naye alikunja blanketi lake, akasema mayai ya Egon yako jikoni, akaingia ndani. Jumatatu jioni nilipopita, injini ilikuwa imerudi kwenye makopo.

Wanaume wa pikipiki kuukuu wana dini yao, na amri yake ya kwanza ni kwamba kazi isiyokamilika haihesabiki. Nati ikiwa na kichwa kisicho cha zama za pikipiki, hawalali. Verner aliagiza gasketi, ikaja ya saizi nyingine, akairudisha, akangoja. Akapaka rangi, akaipiga msasa, akapaka tena. Vumbi likiingia kwenye rangi mbichi alianza upya. Nilikuwa nikimwona kupitia dirisha akisugua tangi lilelile kwa namna anavyosugua mtu asiyetaka kufika mwisho, ila wakati ule sikuelewa. Mimi nilijua tu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililokuwa likiumia halikuwa la kwake.

Mwezi wa sita Ebba alishindwa ngazi. Tulishusha kitanda sebuleni, kando ya dirisha linalotazama banda, nami nikahamia pale. Muuguzi alikuja kila asubuhi na sindano. Nilipika supu ya kuku, akala vijiko vitatu vya kunifurahisha mimi. Verner akirudi kazini alisimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi kama mgeni, akamuuliza kama anahitaji kitu. Ebba alisema hahitaji. Basi yeye yupo bandani, Verner akasema, akatoka, na mabega yake yalishuka kwa nafuu hata kabla hajaufunga mlango.

Siku moja uvumilivu ukanishinda. Nikasema, kwa sauti ambayo nilitaka ivuke ua, kwamba wengine huumwa na wengine hupiga msasa.

"Mwache, Dagny," Ebba akasema. "Akiwa kule, najua alipo."

"Na yeye anajua wewe ulipo?"

Aligeuzia uso dirishani, nami nikaona aibu, maana nilikuwa nimemchoma asiyestahili.

Mwisho wa mwezi wa saba, Jumamosi, ilibidi Ebba ageuzwe kitandani na peke yangu sikumudu. Nikaenda bandani kumwita Verner. Nilisukuma mlango nikaikuta pikipiki imesimama katikati, nyeusi inayong'aa, na mstari mwembamba wa dhahabu kwenye tangi. Kigari kilikuwa na kiti kipya cha ngozi. Hapakuwa na kopo hata moja lililobaki na kitu ndani. Verner alikuwa ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, kitambaa mkononi, hafanyi chochote.

"Imekwisha," nikasema.

"Imekwisha."

"Tangu lini?"

Alikikunja kitambaa, akakikunjua. "Siku nyingi kidogo."

Namba ilikuwa imefungwa. Pikipiki ilikuwa imepita ukaguzi. Aliipeleka mjini siku ambayo alituambia anafuata chakula cha nguruwe. Hasira ilinipanda mpaka nikashika mlango, na yeye akaiona, akaanza kusema kwa sauti ya chini, akiongea na tairi la mbele na si na mimi.

"Nikimpeleka, shemeji, ndiyo basi. Hana kingine anachokisubiri. Kama haijawa tayari, bado anasubiri."

Nilimhurumia, na niliichukia huruma ile. Mwanamume mzima alikuwa amejificha nyuma ya tone la oili, akidhani kifo nacho kinangoja rangi ikauke.

"Hajasubiri pikipiki," nikamwambia. "Amekuvumilia wewe. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, Verner, na mwana mwenyewe ni dada yangu. Leo anapanda."

Muuguzi alituambia si busara, kisha akampa sindano kubwa kidogo na kutusaidia kumvalisha. Verner alimbeba. Alikuwa amejikaza kwa uzito wa mke anayemjua, na ule wepesi ulimyumbisha nusura aanguke kinyumenyume. Tulimzungushia mito kigarini. Ebba akapitisha kiganja juu ya ngozi ya kiti, akainusa. "Kinanukia upya," akasema. Sikujua kama anasifu.

Injini iliwaka kwa kiki ya kwanza, na chini yake palikuwa pakavu. Verner aliondoa polepole, kwa uangalifu ambao sijapata kuuona, mimi nikafuata kwa baiskeli. Njia ya kutoka kwao hadi barabara kuu ni kokoto na mashimo ya trekta. Kwenye shimo la kwanza Ebba alishika ukingo wa kigari kwa mikono miwili. La pili lilimtoa sauti ambayo niliisikia juu ya injini. Walipofika kwenye kichanja cha zamani, pale ambapo wakulima walikuwa wakiweka madebe ya maziwa yachukuliwe, aliinua mkono, na Verner akasimama.

Nilipowafikia uso wake ulikuwa wa kijivu na mdomo wa chini umetoka damu kwa kuung'ata. Kutoka pale bahari huioni, unaona shamba la viazi la jirani na nguzo za umeme. Ebba aliangalia viazi kwa muda mrefu, akihema kidogokidogo.

"Inatosha," akasema. "Imekuwa vizuri, Verner. Irudishe, isije ikanyeshewa."

Angani hapakuwa na wingu hata moja. Verner alizima injini, nasi tukaisukuma mpaka nyumbani, yeye mbele na mimi nyuma, ili isimtikise.

Ebba alikufa wiki iliyofuata, alfajiri, Verner akiwa kazini kiwandani. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu.

Baada ya mazishi tulikaa katika ukumbi wa kijiji kama kawaida, mikate midogo yenye siagi, keki, kahawa katika mabirika makubwa. Desturi ni mfiwa kusimama na kushukuru waliokuja. Verner si mtu wa kusimama, lakini alisimama. Aliwashukuru walioleta maua, akamshukuru muuguzi, akanishukuru mimi kwa jina. Kisha akasema jambo moja linamfariji, kwamba Ebba alipata safari yake ya kigari. Alisema alipanda na akafurahi, maana mwenyewe alisema imekuwa vizuri. Watu wakatikisa vichwa. Mke wa mchungaji alitoa leso. Nikamtazama Verner usoni nikaona kwamba haongopi. Alikuwa ameisugua siku ile mpaka imeng'aa, na sasa anaiamini.

Ningeweza kunyamaza. Mimi ni wa huku, kunyamaza najua.

"Alifika kwenye kichanja cha maziwa, Verner," nikasema. "Mwezi wa tano angefika baharini."

Ukumbi mzima uliacha kutafuna. Verner alibaki amesimama, mkono umeshika mgongo wa kiti, ananitazama bila hasira, kama mtu aliyekuwa akiingojea sauti hiyo kutoka mahali fulani na sasa imekuja. Nilidhani atasema kitu. Nilitaka aseme kitu, hata tusi. Mke wa mchungaji akainuka na birika akauliza nani anataka kahawa zaidi, na kila mtu akataka, hata ambao vikombe vyao vilikuwa bado vimejaa. Verner akakaa, akasogeza kikombe chake. Nami nikasogeza changu.