Leo Ni Paja Tu

Mwanafunzi aliyeanguka mtihani hukimbilia kununua kalamu za rangi. Mimi nilinunua nne. Nilikuwa nimeangushwa na masomo mawili ya mwaka wa kwanza wa udaktari, anatomia na biokemia, na chuo kilikuwa kimenipa kile tunachokiita sesioni ya pili: unarudi kwenu likizo kubwa, unasoma upya, halafu unapanda tena Bujumbura kujaribu kwa mara ya mwisho. Ukianguka na hapo, bursi, ile pesa ya serikali ya kusomea, inakatwa. Bursi ikikatwa, mimi na udaktari ndiyo basi, kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu wa kunilipia chumba. Mjomba wangu, ambaye anakamua mawese kwetu Rumonge, kando ya ziwa, alishaniambia kwa upole kabisa kwamba nafasi yangu kwenye mashine yake ipo. Alinitakia mema. Niliogopa ile nafasi kuliko nilivyoogopa maiti wa chumba cha anatomia.

Kwa hiyo nilichora ratiba, na sitaki mtu anicheke, ilikuwa ratiba nzuri. Kugawa kurasa kwa siku ni kazi ya mtu yeyote. Mimi niliingiza na mwezi. Mama yangu ananunua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakiwa wabichi mitumbwi inaporudi asubuhi, anawaanika, kisha anawauzia wachuuzi wanaowapandisha milimani. Mitumbwi hiyo inavua kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa mkubwa, maana ndagala hawana haja ya kuifuata. Basi kwetu kuna majira mawili tu. Kuna giza, ambapo uwanja wote umejaa vichanja, mabeseni na kunguru. Na kuna mwezi, ambapo wavuvi wanakaa nyumbani, vichanja viko vitupu, na mtu anaweza kupita uwanjani bila kukanyaga samaki. Biokemia, ambayo ni ya kumeza tu, niliipeleka kwenye giza. Anatomia, ambayo inataka utulivu, nafasi na akili ya mtu aliyelala vizuri, niliiwekea mwezi. Niliipaka rangi ya kijani. Nilijiona mtu wa maana sana.

Kufika nyumbani nikakuta shangazi ameshatangaza habari zangu. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba, anaishi nasi, na ana sauti ambayo ingeweza kuuza samaki hadi ng'ambo ya ziwa bila simu. Yeye aliielewa sesioni ya pili kwa namna yake.

"Wenzake walifanya mara moja, ikaisha," alikuwa akiwaambia majirani. "Yeye wamemuita tena."

Mama alijua ukweli. Alinitazama, akaendelea kuchagua ndagala.

Biokemia ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Wakati wa giza hakuna mtu mwenye muda na mwenzake. Nilikaa pembeni ya vichanja na fimbo ya kufukuzia kunguru, silabi mapajani, yale makaratasi ya somo tunayouziwa chuoni, nikameza sukari na asidi zote, na hakuna aliyeniuliza kitu isipokuwa kama nimeona beseni la bluu. Mpaka nikaanza kuamini kwamba nina akili. Halafu mwezi ukakua.

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo hata kuku wa Rumonge analijua: mvuvi asipokwenda ziwani, anakwenda kwa watu. Asubuhi ya kwanza ya anatomia nilitandika mkeka, nikafungua ukurasa wa paja, nikainua macho, na uwanja ulikuwa umejaa wanaume. Wengine walikuwa wameleta nyavu za kushona, kwa kuwa uwanja wetu ni mpana na sasa hauna vichanja. Wengine walikuja kupanga harusi ya mtoto wa jirani, maana harusi nazo hungoja mwezi. Na waliobaki walikuwa wanaumwa.

Ni lazima nieleze hili, kwa sababu nimejaribu kulieleza Bujumbura na watu wakadhani ninatania. Mvuvi wa kwetu haumwi wakati wa giza. Hana nafasi. Akichomwa na mwiba wa samaki, akiteguka kiuno kwa kuvuta wavu, anafunga kitambaa na kusema, "Ngoja mwezi." Goti linangoja. Mgongo unangoja. Meno yenyewe, nadhani, yanangoja. Mwezi ukishakuwa mkubwa, maumivu yote ya pwani yanatoka kwa pamoja kama watoto wa shule kengele ikilia, na mwaka ule yalikuwa na pa kwenda. Kijana aliyeitwa tena alikuwa amekaa juu ya mkeka.

"Amahoro, dogiteri," akasema wa kwanza, akavua kiatu.

Nikawaambia mimi si daktari. Nikawaambia nimesoma mwaka mmoja, na mwaka wenyewe haujaisha. Nikawaambia hospitali iko, waende hospitali.

"Tutakwenda," akasema mmoja wao, mvuvi mnene mwenye ndevu nyeupe ambaye zamani alivua na baba. "Lakini utuambie kwanza iko nini. Ao unasomaka bure?"

Hawakuondoka. Siku ile nilisoma nusu ukurasa, na nusu yenyewe sikuielewa. Ya pili nayo ikapotea vilevile. Kila siku iliyopotea nilikuwa naiona mashine ya mjomba inanisogelea na mapipa yake. Siku ya tatu hasira zilinipanda, nami nina hasira, sifichi. Nikasimama juu ya mkeka na ratiba mkononi.

"Programu yangu inasema leo ni paja," nikasema. "Mwenye kuumwa paja abaki. Wengine wote waende zao."

Nilitaka kuwafukuza. Kumbe nilikuwa nimetunga sheria. Wavuvi wakatazamana, wakainamisha vichwa kwa heshima, na wasio na paja wakainuka wakaenda. Sikuamini macho yangu. Baadaye nikaelewa: hawa ni watu waliozaliwa wakiambiwa leo si siku yako, ngoja. Nilikuwa nimesema lugha yao.

Shangazi akaichukua ile sheria akaifanya serikali. Kesho yake alikaa mlangoni pa uwanja kwenye kigoda, kitenge kipya kiunoni.

"Leo iko magoti," alikuwa akisema. "Wewe unaumwa wapi? Mugongo? Mugongo iko wiki ingine. Rudi nyumbani, salimia bibi."

Mmoja alikuja na tumbo. Kwenye mtihani wangu hakukuwa na tumbo, na shangazi alikuwa ameniuliza mapema.

"Tumbo iko mwaka wa pili," akamwambia. "Rudi mwaka kesho."

Yule mtu akashukuru, murakoze, na kuanza kwenda zake, ameridhika kabisa. Ilibidi nimkimbilie barabarani bila viatu, nimshike mkono, nisimwachie mpaka nimemfikisha hospitali mimi mwenyewe. Tangu hapo nikaongeza kifungu: kila mtu, awe na zamu au hana, anapita hospitali kwanza, aje kwangu na karatasi ya huko. Mimi sitibu. Mimi nataja majina tu. Nilidhani hiyo ingewapunguza. Wapi. Walikuwa wakitoka hospitali na vidonge mfukoni, wanakuja mbio, kwa sababu kule walikuwa wamepewa dawa lakini hakuna aliyewapa majina.

Na hapo, lazima niseme, nilianza kusoma. Nilikuwa nikimkalisha mtu, ninamshika goti, silabi wazi pembeni, ninataja kila kitu kinachopita pale chini ya kidole changu, kwa Kifaransa na Kilatini, halafu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Nikikosea, ninarudia. Mwenye goti hana haraka, mwezi bado mkubwa. Chuoni tulikuwa wengi tukigombea maiti mmoja, na mimi nilikuwa nyuma, nikiona visogo vya wenzangu. Hapa nilikuwa na miguu ya pwani nzima, yenye joto, inayojibu.

Inayobisha pia. Yule mwenye ndevu nyeupe alikuja siku ya paja ya marudio. Nikamwonyesha msuli mrefu unaokatiza paja kutoka kiunoni mpaka upande wa ndani wa goti, nikamwambia unaitwa msuli wa fundi wa nguo, kwa sababu ndio unaokunja mguu jinsi mafundi wa zamani walivyokaa wakishona.

"Fundi gani?" akauliza.

"Fundi yeyote, mzee. Ni jina tu."

"Mimi mvuvi tangu nizaliwe. Fundi anafanya nini ndani ya mguu wangu?"

Nikamwambia watu wote wanao. Akafikiri sana, mguu bado uko mikononi mwangu. Mwisho akasema kama ni hivyo, nimwandikie huyo mwalimu wangu kwamba ule wa Rumonge unaitwa wa mvuvi, na kwamba mtu akivuta wavu anaukunja vilevile. Alisimama akanionyesha. Sikuusahau tena msuli ule, wala siwezi kuusahau.

Ratiba ikaenda mpaka mwisho: mguu, mgongo, kiganja, mkono. Sehemu moja tu nilikuwa nimeiruka. Kila mwanafunzi ana sura ya kitabu anayomwachia Mungu, na yangu ilikuwa bega, pamoja na ule mtandao wa neva unaotoka shingoni, unapita kwapani, unagawanyika, unaungana, unagawanyika tena, mpaka mtu anataka kulia. Kwenye ratiba niliandika "bega" kwa rangi hafifu kabisa na sikumwambia shangazi.

Siku ya mwisho kabla sijapanda Bujumbura, alasiri, uwanja ulikuwa mtupu. Giza lilikuwa linarudi, wavuvi wako ufukweni wanatayarisha taa. Nikawa ninakunja mkeka. Mama akatoka ndani, akaukunjua tena, akakaa.

"Wameisha?" akauliza.

"Wameisha, mama."

"Haya. Na mimi."

Akajishika bega la kulia. Nikamwambia ainue mkono. Ukafika usawa wa sikio ukasimama, na uso wake ukabadilika kidogo. Tangu nifike nilikuwa nimemwona akifunga kilemba kwa mkono mmoja, nikadhani ndiyo mtindo wa sasa. Lile ndilo bega lililonyanyua mabeseni ya ndagala mpaka kichwani, giza baada ya giza, tangu mimi sijajua kusoma. Watu wote wa pwani walikuwa wamepita juu ya mkeka ule, na yeye alikuwa akipita pembeni na chai yao.

"Mbona hukuja mapema?"

"Nilitaka usome kwanza," akasema.

Nikamwambia kesho asubuhi, kabla ya mitumbwi, aende hospitali. Akasema atakwenda, shangazi atamsindikiza. "Lakini taja kwanza," akasema. "Wote umewatajia."

Sikuweza kutaja. Nilikuwa nimelishika bega la mama yangu na sikujua kinachouma kinaitwaje. Niliona aibu, na machozi yakawa karibu. Nikafungua silabi kwenye kurasa ambazo hazikuwa na hata alama ya kidole, nikaanza mwanzo. Niliufuata ule mtandao kwa kidole kutoka shingoni kwake mpaka kwapani, nikapotea, nikarudi shingoni. Alikuwa akiitikia kila jina, "ehe, ehe," kama anayehesabiwa samaki. Katikati ya neva za mkono akasinzia. Nikaendelea kumtajia hivyohivyo, polepole, mpaka nikaweza kufika mwisho bila kutazama karatasi. Nilikuwa na majina yote, na dawa sikuwa nayo hata moja.

Chuoni, mtihani wa anatomia ulikuwa wa mdomo. Unavuta kikaratasi, unasoma swali lako, unajibu mbele ya watu wawili wasiocheka. Mimi nilivuta kiganja. Nilikijibu kidole kwa kidole, na biokemia nayo nikaiandika vizuri. Matokeo yalipobandikwa nilisoma namba yangu mara kadhaa, nikatoka nje, nikampigia mama. Nyuma yake nilisikia mabeseni.

"Nimepita, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. Nikasikia anamwambia shangazi, na shangazi akaanza kuwaambia watu wengine wote. Mama alisubiri kelele zipungue.

"Na bega? Walikuuliza?"

"Hapana, mama. Halikutoka."

Nikasikia anasogeza beseni.

"Lile usilisahau," akasema.