Matuta ya Kimo cha Kiti cha Mama

Mama alikatwa mguu wa kulia kwa sababu ya sukari, na alipotoka hospitali nilimleta kwangu Boko. Maisha yake yote alikuwa mkulima kule Newala: mihogo, mbaazi, njugu mawe, na mikorosho aliyoachiwa na baba. Sasa alishinda barazani kwenye kiti cha magurudumu, akiutazama uwanja wangu wa nyuma ambao haukuwa na kitu zaidi ya kamba za kuanikia nguo.

Siku moja nilimwambia nataka kumtengenezea bustani ya mboga.

"Nitalimaje na mguu mmoja?"

"Tutainua matuta, mama. Tunajenga kwa matofali, tunajaza udongo, unalima umekaa."

Alinitazama kuona kama namtania. Kisha akasema, "Lete kamba."

Nilipima kutoka chini hadi kwenye kiwiko chake. Akakataa, akataka tuta lishuke kidogo, kwa sababu mkono wa mkulima huinamia udongo, hauupandii. Tukapima upana kwa urefu wa mkono wake: afike katikati, halafu azunguke aifikie nusu ya pili. Njia nilizichora nyembamba kwenye daftari langu la maandalio ya masomo. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje. "Na kiti kitapita wapi, juu ya nyanya?" Nikafuta, nikachora upya.

Udongo wetu wa Boko una chokaa, kwa hiyo tulipanga kuagiza udongo mweusi na samadi. Mchicha ukae karibu na bomba, maboga tuta la mwisho yatambae ukutani, bamia na nyanya chungu katikati. Kila jioni nikitoka shuleni tuliongeza kitu, mpaka daftarini yakawa matuta kumi na mawili. Watu wawili hawawezi kula mboga za matuta kumi na mawili, nami nilijua hivyo.

Jioni moja, nikiwa nachora, aliniuliza, "Na kule shambani kwangu nani analima?"

"Kaka analima."

"Kapanda nini?"

"Mihogo, mama."

"Mihogo," alirudia taratibu.

Shamba lilikuwa limeshauzwa. Mama alipokuwa amelazwa hajitambui, mimi na kaka tulikubaliana kuliuza ili atibiwe, na tukasema tutamwambia akipata nguvu. Nguvu alizipata. Mimi ndiye niliyekaa naye, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kusema, na kila nilipojiandaa nilijikuta nazungumzia samadi.

Aliniuliza tena wiki iliyofuata, nikamjibu vilevile. Mara ya tatu fundi alikuwa amemaliza matuta manne ya kwanza, na mama alikuwa anapapasa ukingo wa tofali.

"Mbaazi zangu zimechanua?"

"Zimechanua."

"Mwanangu," akasema, akapangusa vumbi la tofali mkononi. "Basi. Nisogeze karibu nipande."

Alichanganya mbegu za mchicha na mchanga, akazimwaga kwa vidole vitatu, akasawazisha kwa kiganja kama anayemlaza mtoto. Haikupita wiki moja mguu wa kushoto nao ukatoa kidonda. Nilimrudisha hospitali. Mara hii alilazwa wiki tatu, na hakutoka.

Msibani, wanawake wa mtaa wetu waliukuta mchicha umefikia kuvunwa. Waliung'oa wote, wakawapikia waombolezaji. Nilikula bila kujua nakula nini, mpaka jirani aliponiambia.

Tulimsafirisha Newala, tukamzika jirani na kaburi la baba. Kesho yake mama mdogo aliniita jikoni kwake.

"Mama yako alijua habari za shamba," akasema. "Mie mwenyewe nilimwambia kwa simu kabla hajaja kwako."

Nilikaa chini palepale.

"Alikasirika?"

"Kuuzwa hakukumkasirisha. Alisema mngemuuliza angeliuza mwenyewe. Baadaye akanikataza nisikuambie kwamba anajua. Alisema unapata shida kusema, ngoja akusaidie kwa kukuuliza."

Nilitoka nje. Kaka alikuwa anakunja turubai na vijana wa ukoo. Nilimvuta pembeni nikamweleza. Akaniuliza kama mama amekufa na kinyongo naye.

"Wewe hapana," nilimwambia. Kuhusu mimi hakuuliza.

Niliporudi Boko, fundi alipiga simu kutaka kujua lini aje kumalizia manane yaliyobaki. Nilimwambia asije. Matofali nilimpa jirani aliyekuwa anajenga banda la kuku. Yale manne bado nayalima, jioni, nikitoka shuleni. Ni mafupi kwa mtu aliyesimama, na mgongo unauma.