Ng'ombe Aliyechuchumaa

Jirani yetu hapa Cheyo, mjini Tabora, amefuga ng'ombe wa maziwa nyuma ya ukuta wa matofali, na kila mvua inaponyesha, harufu ya zizi lake huuvuka ukuta huo bila kubisha hodi, ikaja kukaa sebuleni pamoja nasi. Jioni moja ya masika yaliyopita iliingia wakati mjukuu wangu Zuhura, huyu huyu anayeniandikia maneno haya, akiwaonyesha rafiki zake mchoro wa mbuzi alioutengeneza kwa rangi za maji.

"Umetisha!" akasema mmoja wao.

"Kali hiyo, mwanangu. Umeua," akasema mwingine, macho yake yakiwa kwenye simu.

Nikaomba niletewe mchoro, nikausogeza dirishani. Mbuzi yule alikuwa na miguu ya nyuma iliyopinda kama ya mtu aliyekaa kigodani. Kinyaa kikanishika pande mbili kwa pamoja: pua yangu iliikataa harufu ya mavi ya ng'ombe, na masikio yangu yalizikataa zile sifa. (Zuhura alitaka kuandika "samadi". Nimemkataza. Samadi ni kitu kilichokauka na kupelekwa shambani. Mimi nasimulia kile kingine.)

Enyi mtakaosoma, nataka mjue kwamba mimi, Tatu, sikusoma shule hata siku moja. Hata hivyo kuchora nilifundishwa, tena kwa ukali, kule Kigwa nilikozaliwa, na mafunzo yenyewe yalinuka.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia ya zamani, ile ambayo babu zetu waliipita na mizigo mabegani kutoka bara kwenda pwani. Wakati wangu misafara ilikwisha kuwa hadithi, na aliyetaka kufika Tabora alisubiri treni. Lakini wazee wetu bado waliamini kwamba anayepita njiani huijua familia kwa ukuta wake, hata kabla hajasalimiwa. Kwa hiyo kuta zilisiribwa na kuchorwa, na kazi hiyo ilikuwa ya wasichana.

Nitawaeleza vifaa vyetu, na mwenye tumbo jepesi aruke mistari hii. Rangi nyeusi tulikwangua masizi ya vyungu. Nyeupe na nyekundu tulichimba korongoni. Ili rangi zishike ukutani, tulizikoroga kwa maji ya mlenda uliolazwa chunguni hadi ukachacha, ukawa unavutika kama kamasi la mtoto mwenye mafua, na ukitia kidole hujui kama kitarudi. Brashi ilikuwa kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha hadi ikawa nyuzi. Aliyekuwa na meno mazuri aliwatafunia wenzake, nawe ukakipokea kijiti kikiwa bado na joto na mate ya mwenzio. Juu ya yote hayo palikuwa na mavi mabichi ya ng'ombe, yaliyokuwa lipu yetu ya kuanzia na kifutio chetu cha kumalizia.

Kila asubuhi, baada ya kuteka maji, tulichora kwenye ukuta wa nyuma wa jiko la Bibi Wande, shangazi wa baba yangu, mwanamke mwenye sauti nzito na maneno machache. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Alasiri, ng'ombe wakianza kurudi, tulisimama mbele ya ukuta ule na kuambizana. Hapo palikuwa na sharti moja. Anayesema "pazuri" husema na kwenda zake. Anayetaja kasoro lazima achote mavi mabichi na kuifuta yeye mwenyewe, na afute kwa mkono wa kulia, mkono uleule atakaolia ugali jioni. Bibi Wande hakukubali kijiti, wala jani, wala mkono wa kushoto. Tulipomwuliza sababu alisema, "Kwa sababu nimesema," na mjadala ukaishia hapo.

Nilikuwa na wenzangu wengi, lakini wa kuwataja ni wawili. Nyamizi alikuwa binti wa mfanyabiashara wa chumvi, msafi, mwenye kucha zilizong'aa kama punje za mahindi machanga. Kalunde alikuwa binti wa mchungaji aliyetunza ng'ombe wa watu, na alikamua kila alfajiri, paji la uso likiwa limeegemea paja la ng'ombe. Nyamizi nilimpenda. Kalunde nilimwona kama inzi: popote ulipoweka kitu kizuri, alitua.

Mwaka ule dada yangu Milembe alikuwa ameposwa na watu wa Goweko, wafugaji wenye mifugo mingi na maneno mengi zaidi. Baada ya mavuno wangekuja kumchukua, na wangekaa uani kwetu wakiutazama ukuta wa mbele. Ukuta huo ungechorwa na msichana mmoja tu. Nilitaka niwe mimi. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na Milembe tangu nilipoachishwa ziwa, na niliona kwamba akisindikizwa na mchoro wa mtoto wa watu wengine, nitakuwa sijamuaga.

Nikaamua kuchora ng'ombe anayemnyonyesha ndama. Siku ya kwanza nilipomaliza, Nyamizi alipiga makofi.

"Tatu! Huyu anataka kulia kabisa!"

Kalunde akainamisha kichwa upande mmoja, akakiinamisha upande wa pili.

"Magoti ya nyuma yanatazama mbele," akasema. "Ng'ombe wako amechuchumaa kama mtu aliyekwenda porini."

Wenzangu walicheka hadi wakashikana mabega. Kalunde akachota tope la kijani lililokuwa bado linatoa mvuke, akalipiga ukutani pale penye miguu, nalo likaruka likanitua kwenye mdomo. Nilikimbilia nyuma ya ghala nikatapika uji wote wa asubuhi. Niliporudi alikuwa ananisubiri, mavi yamemganda mkononi.

"Kesho mchore tena," akasema. Hakuomba hata radhi.

Nilimchora tena, naye akamfuta tena. Alisema mgongo uko sawa, shingo iko sawa, hata ndama anapendeza, ila magoti. Mimi magoti ya ng'ombe sikuwa nimeyatazama kamwe. Wanyama wale niliwaona kwa mbali, nimebana pua, kwa sababu miguu yao ya nyuma ndiyo iliyokuwa imepakaa uchafu wote. Kwa hiyo nilichora magoti niliyoyajua, yaani yangu mwenyewe, na kila alasiri nilimwangalia yule msichana akiyazika chini ya kinyesi. Nilimchukia kwa chuki safi ya mtoto. Nilijiambia kwamba ana wivu. Nilijiambia pia kwamba mtu aliyekulia zizini haoni taabu kushika mavi, pengine hata anafurahi.

Mwishowe nikahama. Nikajitafutia ukuta wa banda la mbuzi, mbali na macho ya wengine, na mtazamaji wangu akawa Nyamizi peke yake. Lo, siku zile zilikuwa tamu! Nilichora ng'ombe wangu kila asubuhi, na kila alasiri Nyamizi aliweka mikono yake safi nyuma ya mgongo na kusema, "Pazuri, Tatu. Leo pazuri kuliko jana." Mkono wangu ukawa mwepesi. Mistari ikanyooka, rangi zikakaa mahali pake. Wanaosema kwamba mazoezi ya kila siku humfanya mtu kuwa hodari wamesema nusu. Mimi nilifanya mazoezi ya kukosea, nikawa hodari wa kukosea, kiasi kwamba ningeweza kuchora magoti yale mabaya nikiwa nimefumba macho.

Wakati ulipofika, Bibi Wande alinipa ukuta wa mbele kwa kuwa mimi ni mdogo wake bibi harusi. Niliumaliza siku moja kabla ya wageni, jioni, na kwa kuwa watu walikuwa wakihangaika na kuni na vyungu, hakuna aliyeutazama kwa utulivu isipokuwa Nyamizi. Alisema pazuri.

Asubuhi ya harusi nilikuwa nafagia uwanja nilipomwona Kalunde anakuja na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya mama yangu.

"Mwangaluka," akasalimu, kama tunavyosalimiana asubuhi kwetu.

"Mwangaluka," nikaitikia bila kumtazama.

Akasimama mbele ya ukuta. Akakiweka kibuyu chini, taratibu, mahali ambapo hakitamwagika. Kisha akaondoka kuelekea zizini, nami nikajua. Nilitupa ufagio nikakimbia kumzuia, lakini alikuwa amekwisha kurudi, mkono umejaa, unadondosha. Akafuta. Alifuta miguu ya nyuma, akafuta na tumbo lililoshikana nayo, na harufu ikapanda uani palepale ambapo wakwe wa dada yangu wangekaa.

Nilipiga yowe ambalo nadhani lilisikika stesheni. Wanawake wakatoka jikoni. Mama yangu alitoka na mwiko wa ugali.

"Mwanaharamu wewe! Umefanya nini kwenye ukuta wa mwanangu?"

Kalunde aliinua mkono wake wa kulia juu, kijani hadi kwenye kiwiko.

"Shikamoo, mama. Nimefuta mimi. Mkono ni huu."

Mama akaushusha mwiko. Sharti lilikuwa sharti, na yeye pia alikuwa amelelewa nalo. Bibi Wande akatoka, akautazama mkono ule, akautazama ukuta, kisha akaniambia, "Jua linapanda. Unasubiri nani?"

Kalunde alinishika kwa mkono huohuo. Niliuhisi ukiteleza kwenye ngozi yangu, ukiwa na joto, na mpaka leo nikiusimulia nasugua mkono. Akaniburuta hadi zizini, akaniinamisha nyuma ya ng'ombe wa maziwa.

"Shika hapa."

"Sishiki."

"Tatu, watu wa Goweko wanajua ng'ombe kuliko wanavyojua wake zao. Watamcheka Milembe mpaka azeeke. Shika!"

Nikashika. Palikuwa na uchafu mkavu ulioshikana na manyoya kama magamba, na chini yake uchafu mbichi, na inzi waliohama kutoka kwake kuja usoni kwangu. Lakini chini ya hayo yote palikuwa na mfupa, nao ulichomoza kwenda nyuma. Nikaupapasa kwenda juu, nikaupapasa kwenda chini. Goti lenyewe, lile ninalolijua mimi, lilikuwa juu zaidi, limejificha ubavuni. Nilikuwa nimeishi na ng'ombe maisha yangu yote na sikuwa nalijua jambo hilo.

Tulirudi. Kalunde akatafuna kijiti kipya, akakitoa kinywani mwake na kunipa. Nilikipokea na kuchora. Yeye aliupepea ukuta kwa ungo ili ukauke, huku akinifokea: "Chini zaidi. Umelegeza. Ananyonyesha, mbona amesimama kama mlinzi?" Nililia wakati wote, na kamasi langu halikutofautiana na mlenda uliokuwa chunguni.

Jua likiwa utosini wageni wakafika. Mzee mmoja, baba mdogo wa bwana harusi, hakukaa alipoonyeshwa mkeka. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akapiga magoti, akatazama kwa muda mrefu. Milembe alikuwa akichungulia dirishani, nami nilikuwa nimeshika nguo yake. Nilisikia moyo wake, au labda ulikuwa wangu.

"Uzao wa kwanza huyu," mzee akawaambia wenzake. "Tazameni anavyobana miguu. Chuchu zinamuuma, lakini amesimama."

Wenzake wakasogea, wakakubali, wakaanza kubishana kuhusu umri wa ndama. Hakuna aliyecheka. Milembe alinifinya sikio, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kunibusu.

Wakati wa kula mama aliniamuru nikae sinia moja na Kalunde, kwa kuwa wasichana wengine walikuwa wamejitenga naye. Alikuwa amenawa kwa majivu, lakini harufu ile hainawiki. Kila alipotia mkono kwenye ugali nilisali nisitapike. Nilikula kwa kinyaa, nikashukuru kwa kinyaa, na nikaondoka bado nikiamini kwamba alikuwa na wivu, na kwamba mavi kwake si kitu.

Imani hiyo niliibeba hadi uzeeni. Mwaka jana Kalunde alikuja Tabora kutibiwa macho, akafikia hapa kwangu. Tulikuwa tumekaa sebuleni, mvua imekatika, harufu ya jirani ikaingia kama kawaida yake. Nikamwona mwenzangu anaziba pua kwa upande wa khanga, mabega yakimtikisika, kisha akainuka haraka kwenda uani. Nilimfuata nikidhani ni maradhi.

"Ni ile harufu," akasema, akijifuta midomo. "Siiwezi, Tatu. Sijawahi kuiweza."

"Wewe? Uliyekulia zizini?"

"Ndiyo maana. Siku zile nikitoka kwenye ukuta wako nilikuwa natapika njia nzima mpaka nyumbani. Ugali wa jioni mara nyingi niliwapa mbwa."

"Basi kwa nini ulikuwa unafuta?"

Akanitazama kwa macho yale mabovu, akishangaa kuulizwa.

"Magoti yalikuwa yamekosewa," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Bibi Wande alidai mkono wa kulia. Nyamizi alininyima chakula chake cha jioni kila siku, na nikamwita rafiki. Kalunde alinipa chake, na nikamwita inzi.

Basi jioni ile ya mbuzi, rafiki za Zuhura walipokwisha kuondoka na sifa zao, nilichukua mkongojo wangu nikaenda kwa jirani. Nilirudi mkono wa kulia umejaa. Mjukuu wangu alipiga yowe nililolitambua. Niliifuta miguu ya mbuzi yule, karatasi ikachanika kidogo, nami nikamwambia kesho amchore tena. Halafu nikanawa kwa sabuni, nikakaa mkekani kula, na mkono ukanuka hadi tonge la mwisho. Nusu ya chakula changu ilibaki sahanini.