Kahawa Niliyoiacha Jikoni

Mke wangu alipoteza uwezo wa kusikia harufu baada ya homa ya mafua iliyomlaza wiki mbili. Homa iliondoka, pua haikurudi. Tulilijua hilo siku wali ulipoungua sufuriani naye ameketi pale pale juu ya mbuzi, akikuna nazi kwa utulivu. Mimi niliisikia harufu kutoka barazani. Nilipoingia mbio aliinua uso akauliza, "Mbona wakimbia?"

Daktari alisema tusubiri. Kila siku anuse vitu vyenye harufu kali, na huenda pua ikazinduka. Kisha akauliza twapikia nini. Nikamwambia gesi. Akaweka kalamu chini.

"Basi mtungi uwe mikononi mwako, mzee. Moto ukiwaka, uwepo. Gesi ikivuja, mama hatajua."

Niliitikia. Nimefundisha madrasa hapa Kisauni zaidi ya nusu ya umri wangu, na maana ya amana naijua. Tangu siku hiyo jiko likawa langu. Niliwasha mimi, nikazima mimi, na kila nilipolala nilikuwa nimekwisha kukishika kifungo cha mtungi mara mbili.

Tulimjaribishia karafuu, ndimu na mafuta ya mkaratusi. Udi pia, kwa kuwa kila Alhamisi baada ya Alasiri mke wangu hufukiza nyumba. Hutia makaa ya moto kwenye chetezo, huweka udi juu yake, kisha hukipitisha chumba kwa chumba, jikoni hadi chumba cha kulala, mpaka mapazia yashike harufu. Hakuacha hata alipokuwa hasikii kitu. "Nyumba yasikia," alisema. "Mimi nitangoja."

Miezi saba ilipita. Siku moja tulikuwa tumetoka kliniki upande wa Nyali, magoti yakamuuma, tukaingia mkahawa uliokuwa karibu ili apumzike. Mimi ni mtu wa kahawa chungu ya kwenye dele, birika la shaba, ile inywewayo barazani kwa vikombe vidogo. Lakini tangu mikahawa ya mashine ilipoongezeka huku kwetu nilikuwa nimeonja espreso mara kadhaa, na sikuwa nimebahatika. Mahali pamoja waliniletea kitu kichachu kama maji ya ukwaju. Kwingine ilikuwa imeungua, nikaimaliza kwa adabu tu.

Msichana wa mashine, kwa lafudhi yake, alikuwa mtu wa Kaloleni.

"Shikamoo babu. Nikutilie sukari?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi mzaliwa wa Mombasa, kahawa naitiaje sukari?"

"Haya. Lakini ukilia, leso ni hizo hapo mezani."

Sikulia. Ilikuwa nzito, povu lake jembamba la rangi ya asali, uchungu wake safi, na ulibaki kinywani muda mrefu baada ya kikombe kuwa tupu. Nikaagiza cha pili ili nikinywe polepole. Mke wangu akainama juu yake kama afanyavyo juu ya kila kitu tangu augue. Safari hii hakuinuka.

"Kuna kitu," akasema.

"Kitu gani?"

"Kama mkate unaochomwa nyumba ya mbali."

Nilimshukuru Mungu pale pale, kwa sauti, mpaka watu wa meza ya pili wakageuka.

Tukawa twarudi kila juma, lakini magoti yake hayakuiweza safari. Nikaamua kuileta kahawa nyumbani. Mashine yenyewe haikuwa ya watu kama sisi. Kongowea, kwenye vyombo vya mitumba, nikapata birika dogo la bati zito, la vipande viwili: maji hukaa chini, kahawa kati, mvuke ukiyasukuma maji yapanda kupitia kahawa na kutokea juu. Nikampelekea yule msichana alitazame.

"Hii si espreso kamili, babu, lakini itaikaribia. Usisage kama unga. Usiikandamize. Na usitie kitu kingine chochote."

"Kitu gani tena?"

"Nyinyi watu wa Mombasa nawajua. Hamwezi kuona kahawa mkaiacha peke yake."

Akacheka, nami nikacheka.

Majuma ya mwanzo nilimtii. Mke wangu aliketi kwenye kibao kando ya jiko, na birika likianza kunguruma alifunga macho. "Kipo," alisema. Baadaye akawa asema, "Kipo, kidogo." Kisha ikafika siku akaliinamia birika mpaka kahawa ikapoa, akatikisa kichwa. Nilianza kuhofu kwamba ile njia iliyofunguka yafungika tena, na kwamba ikifungika sasa haitafunguka kamwe.

Alhamisi moja nikatwanga tangawizi kavu na iliki pamoja na kahawa, kwenye kinu, mpaka vikawa unga laini. Kahawa yetu ya barazani ina tangawizi, na mama yangu aliamini hakuna pua inayoishinda. Nikajaza, nikakandamiza kwa kijiko, nikaweka motoni. Mke wangu alikuwa uani akijiandaa na chetezo. Sikumwambia. Nilitaka harufu imkute ghafla.

Birika halikunguruma. Nikangoja. Adhana ya Alasiri ilikuwa imeisha zamani, na msikiti uko ng'ambo ya kichochoro tu. Nikasikia wanakimu swala. Nikapunguza moto. Sikuuzima. Nikasema moyoni, rakaa nne tu, nami nikatoka.

Katika rakaa ya pili niliuona moto ule mbele yangu kama nimesimama jikoni. Nikamwona na mke wangu akiinuka uani, chetezo mkononi, makaa mekundu, akiufuata mlango wa jikoni bila kusikia kitu.

Nimewafundisha watoto wa watu, mwaka baada ya mwaka, kwamba mtu aweza kukata swala ili kuokoa roho. Nimewaeleza kwa mifano, mtoto anayekaribia kisima, kipofu anayekaribia shimo. Siku hiyo nilikuwa safu ya mbele, nyuma ya imamu, na nyuma yangu walikuwa watu niliowasomesha wangali wadogo. Niliona haya kutoka. Nikabaki. Nilirukuu, nikasujudu, na sikumbuki neno hata moja nililolisoma.

Baada ya salamu sikukaa. Gesi niliisikia nikiwa bado kichochoroni.

Jikoni, maji ya kahawa yalikuwa yametapika kupitia maungio ya birika na kuuzima moto. Jiko lilikuwa likitoa sauti nyembamba, kama mtu anayepumua kwa meno. Nikafunga kifungo cha jiko, nikafunga mtungi, nikafungua madirisha, kisha nikatoka uani.

Mke wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya chetezo, kipepeo mkononi, jasho limemtoka. Kaa moja lilikuwa linaanza kuwa jekundu pembeni. Nikachukua ndoo ya maji nikamwaga yote.

"Una wazimu, bwana we? Tangu utoke napepea! Yule muuza makaa ameniuzia makaa yaliyonyeshewa, hayashiki, na sasa ndipo yalipoanza, nawe waja kunimwagia?"

Nikamwambia. Alikitazama chetezo, akautazama mlango wa jikoni. Zilikuwa hatua nne.

"Na mimi namlaani muuza makaa muda wote huu," akasema kwa sauti ndogo. Aliniomba nimshike mkono ainuke.

Nilipompelekea msichana birika, alichokonoa kitobo chake cha pembeni kwa sindano, ukatoka unga.

"Tangawizi?"

"Tangawizi."

"Na iliki?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakucheka safari hiyo. Alisema kitobo hicho ndicho cha kupumulia, na kwamba birika lililozibwa laweza kupasuka.

Habari za msikitini sikumwambia yeyote. Naziandika hapa kwa mara ya kwanza, na mke wangu atazisoma.

Twaitengeneza kahawa bado, bila kitu kingine, sote wawili tukiwa jikoni. Kila Alhamisi kabla ya kuwasha makaa huniuliza, "Umefunga mtungi?" Nikisema nimefunga, hunirudisha nikatazame.

Mwezi uliopita nilishikwa na homa ya mafua, nikalala siku nne. Siku ya tano nilikuwa nakaza birika ili niliweke jikoni, mtungi nimeshaufungua, kiberiti nimekishika, mke wangu akaja akasimama mlangoni.

"Wacha. Nasikia gesi."

Nikanusa. Sikusikia kitu. Nikamwambia ni furaha ya kutaka kupona tu. "Wacha, nimesema," akarudia. Basi, ili kumridhisha, nikapaka povu la sabuni kwenye mpira wa mtungi. Penye maungio pakatoka kiputo, kikavimba, kikapasuka. Kikafuata kingine.

Nikafunga mtungi. Yeye alikuwa akilia na kucheka, akisema, "Nimesikia, wallahi nimesikia," nami nikamshukuru Mungu pamoja naye, na nilimaanisha kila neno. Kisha, alipotoka kwenda kumwita jirani, nikachukua mkebe wa kahawa, nikaufungua, nikausogeza puani. Nikavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Hakukuwa na kitu.