Maharage ya mama tuliyapika msibani

Leo nimemjibu mtu wa watu vibaya, na wala sijisikii vibaya. Sisikii chochote.

Mtafiti wa mbegu kaja hapa nyumbani Isansa kumuulizia mama. Nikamwambia tumemzika mwezi uliopita.

Akanipa pole. Halafu akauliza taratibu, "Na yale maharage yake ya madoa, yamebaki?"

Nikamwambia tuliyapika msibani. Yote. Watu walikuwa wengi, ya dukani yakaisha, shangazi akafungua vibuyu vya mama vya mbegu.

Akasema yale hayashikwi na ugonjwa wa kutu ya majani, ndiyo maana wao watafiti waliyataka wayapandanishe na mbegu mpya.

"Basi mmechelewa," nikamjibu. Kavu hivyohivyo.

"Hapana, dada. Mama alitupatia kiganja kimoja mwaka jana. Tumeshapandanisha. Nilikuja kumwambia watoto wa maharage yake wameota, na kumwomba mengine kidogo."

Nikasema asante. Nikarudi kuosha vyombo.

Sijalia tangu msiba, na leo pia sijalia.

Nyie mliofiwa na mama, machozi yalichukua muda gani kuja?