Sarafu ya Kaisari Huko Buleusa

Niliondoka Nyabiondo kwa sababu ya pikipiki isiyo yangu. Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo aliyemwoa shangazi yangu, alitaka kumpa mgeni mmoja pikipiki yake ili naye apewe sarafu ya Kirumi. Bila pikipiki hiyo, duka lao la Buleusa halipati chumvi wala sabuni. Shangazi alinipigia simu: "Wewe ulisoma historia ku iniversite. Kuya uangalie hiyo kitu mbele bwana yangu hajaanza kutembea na miguu."

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda pikipiki ya kukodi, nikiwa nimeshaamua kwamba sarafu ni bandia. Dereva alisema barabara ni nzuri, nikamwomba ushahidi. Baada ya saa moja nilikuwa nasukuma, matope magotini.

Kibua, adhuhuri. Mama aliyeniuzia ndizi za kuchoma aliuliza niendako. Nikamwambia naenda kutambua mfalme wa Roma.

"Alipotea?"

Buleusa, jua bado lipo. Mgeni, mtu mpole mwenye koti refu, alikaa karibu na pikipiki kama mchumba wake. Akanipa sarafu. Kichwa chenye ndevu. Herufi zikikizunguka, HADRIANVS. Nyuma, mwanamke ameshika mizani. Imechakaa panapostahili.

"Kaisari Hadriani," nikajisikia nikisema. "Ni ya kweli."

"Sikusema?" Papa Kasereka akapiga makofi, akatoa funguo mfukoni.

Shangazi alinitazama kama maharage yaliyokataa kuiva. Kisha akamgeukia mgeni kwa ule uso wake wa sokoni. Kwetu hakuna anayenunua bila nyongeza: ukishapimiwa maharage, muuzaji hutupia konzi moja juu.

"Papa, na nyongeza iko wapi? Pikipiki muzima, unatupatia moja tu?"

"Mama, hii njo ya mufalme."

"Hata mufalme alinunuaka ku soko."

Mgeni akacheka na, kwa mazoea ya biashara, akaingiza mkono kotini, akaongeza moja.

"Na ingine, ya huyu mutoto wa kaka yangu."

Ikaja ya tatu.

Nilizipanga mezani. Kila Hadriani alikuwa na kishimo kilekile kidevuni, na ufa uleule chini ya mizani. Warumi walipiga sarafu kwa nyundo, moja moja; haziwezi kufanana hivyo. Hizi zilimiminwa katika kalibu moja. Nilieleza hayo kwa sauti ndogo sana.

Papa Kasereka alirudisha funguo mfukoni. Mgeni hakubisha, aliomba tu arudishiwe nyongeza.

Kesho yake Papa Kasereka alinirudisha Kibua kwa pikipiki ileile. Njiani niliwaza: siku nzima nilishuku sarafu, lakini nilipoweza kusoma jina lililoandikwa juu yake nikasahau kujishuku mwenyewe.

"Kama ungekuwa peke yako na diplome yako," akasema bila kugeuka, "leo tungetembea na miguu wote wawili."

Tulipofika Kibua nilinunua ndizi za kuchoma, nikaomba nyongeza.