Siku Ambazo Eufrasia Hakusalimiwa

Eufrasia wa kwetu Ipililo alijaliwa mdomo. Karani wa pamba akimwona anakuja na gunia, alianza kufuta mzani. Mimi ni jirani yake. Nampenda, na nilikuwa namwogopa.

Mwaka juzi hakuonekana kwenye msiba wa mzee Mayige. Hakuleta kuni wala unga, na kwetu hilo halisameheki kirahisi. Akina mama tukamtenga: asisalimiwe, akisalimu asiitikiwe. Yalikuwa majuma ya ajabu. Alfajiri tulipita mbele ya nyumba yake na ndoo zetu, kimyakimya kwenye ukungu, naye amesimama uani akitutazama, mpaka nikawa najiuliza kama kweli yupo au ninaota.

Siku ya kikao cha akina mama alikuja kujitetea.

"Mimi taarifa ya msiba sikupewa. Nani alitumwa kwangu? Ajitokeze kama si mwoga."

Kisha akatuchambua mmoja mmoja: nani alichelewa msiba upi, nani alileta kuni mbichi. Yote kweli. Lakini hakuna aliyemsamehe.

Aliyetumwa ni mimi. Nilipitiwa tu, lakini kwa ulimi ule ningejitokeza vipi? Nilitazama chini nikachezea ukindu wa mkeka.

Jumapili iliyofuata akarudi. Safari hii alipiga magoti, na sauti yake ilikuwa ya chini hata tukasogea ili tusikie.

"Akina mayu, mnamjua mama yangu Milembe, haoni. Alikuwa anawatambua kwa sauti mkipita kwenda kisimani, mkimwamkia 'mwangaluka, mayu'. Bado anakaa mlangoni kila asubuhi, anangoja. Jana kaniuliza watu wote walikufa lini, mbona yeye hakuambiwa. Mimi nitengeni. Yeye msalimieni tu, nawaomba."

Hakumtaja mtu. Shida, mwenyekiti wetu, alifuta macho, kisha akafungua daftari.

"Tuandike umekiri kosa?"

"Andikeni."

Siku ile aliponitaka nijitokeze, ningekufa na siri yangu. Leo hakuna aliyeniuliza, lakini nilijikuta nimeshasimama, kama ndotoni, na wenzangu wote wananitazama.

"Usiandike, Shida," nikasema. "Kosa ni langu."